Mkrismasi, mlingoti wa mkonge na poinsetia: kupamba nyumba kwa mimea ya kwetu

Kati ya Novemba na Desemba, mitaa mingi ya Dar es Salaam na Dodoma hugeuka nyekundu. Mti unaofanya hivyo asili yake ni Madagaska, lakini Watanzania wameupa jina linaloufaa: mkrismasi. Ajabu ni kwamba huu wenye jina la sikukuu ndio mgumu kuliko yote kuuingiza sebuleni. Kata tawi lake saa nne asubuhi, ulitie kwenye chombo cha maji, na kabla ya saa nane mchana limelala. Wengi hudhani wamekosea maji. Hawakukosea maji, wamekosea mmea, au tuseme wameutumia mmea kwa namna usiyoiweza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mmea unapendeza kiasi gani, uliza utakuwaje siku ya tatu. Pambo la Krismasi linawekwa tarehe 23 au 24 na linatakiwa liwe na heshima mpaka Mwaka Mpya. Kwenye joto la Pwani, na unyevu wa vuli ambao haujaisha, mimea michache ya kukata inavuka siku ya tatu. Yote tunayoeleza hapa tumeyapima kwa swali hilo.

Tuanze na mkrismasi wenyewe, maana una njia zake. Maua yake usiyaweke na matawi. Yachume moja moja saa kumi na mbili asubuhi, yale yaliyofunguka usiku huo, uyaelekeze juu ndani ya bakuli pana au sinia lenye maji ya kina cha sentimita 3 hadi 4. Ua lina petali tano, nne nyekundu na moja iliyosimama yenye michirizi ya njano na nyeupe. Ukiyapanga hiyo yenye michirizi ikiangalia nje, bakuli zima linapata sura. Yatakaa siku moja, basi. Kesho yake unachuma mengine, na mti ukiwa uani hautakunyima.

Hazina ya kweli ya mkrismasi ni maganda yake. Yale marefu meusi ya mwaka uliopita, yenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, magumu kama mbao, bado yananing'inia juu wakati maua mapya yanatoka. Hayo hayanyauki. Chukua 9 yaliyonyooka, yafute kwa kitambaa chenye unyevu, uyaanike siku mbili. Yapange chini kuanzia refu la sentimita 60 hadi fupi. Yale matatu ya juu itabidi uyakate kwa msumeno wa meno madogo yabaki na sentimita 25, 20 na 15. Kisha chukua kamba mbili za katani, uyafunge kila moja ncha mbili, ukiacha sentimita 9 kutoka katikati ya ganda moja hadi katikati ya linalofuata. Ukitundika kwenye msumari mmoja unapata mti wa pembetatu ukutani, wa karibu sentimita 75, usiochukua nafasi hata kidogo sakafuni. Kwa chumba cha kupanga ni pambo zuri sana. Kinachoharibika hapa ni kimoja: ganda ni laini juu, kamba inateleza, na mti unapinda upande siku ya pili. Kabla ya kufunga, tia mkato mdogo wa tupa kwenye kingo zote mbili, sentimita 4 kutoka kila ncha, kamba ikae ndani ya mkato. Yaliyokatwa ziba kwa gundi ya mbao, la sivyo mbegu zinamwagika. Kuhusu rangi ya dhahabu inayopuliziwa, ushauri wetu ni kuiacha. Ganda la mkrismasi lina weusi wenye wekundu ndani yake ambao tone moja la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa huutoa vizuri kuliko kopo lolote la rangi.

Mti tunaoupendekeza kuliko yote kwa mwenye sebule ya kutosha ni mlingoti wa mkonge. Mkonge huishi miaka mingi ukitoa majani tu, kisha mara moja katika maisha yake husukuma juu mlingoti wa maua wa mita 5 au 6, huchanua, huangusha vichipukizi na kufa. Kinachobaki kimesimama shambani ni mti mkavu mwepesi ambao nusu yake ya juu ina mikono inayotoka pande zote na kujikunja kwenda juu, kama kinara cha mishumaa. Umbo la mti wa Krismasi tayari limo. Hakuna cha kuchonga. Na una historia ya kwetu: Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika Tanga 62 tu vikiwa hai, na kutokana na hivyo nchi nzima ikajaa mkonge.

Milingoti hiyo utaikuta pembezoni mwa mashamba ya Korogwe, Muheza na Kilosa, na upande wa Kenya kule Vipingo na Taita. Mwombe mwenye shamba kwanza. Mlingoti mkavu mara nyingi ni boriti ya mtu au ua wa zizi la mtu. Chagua uliokaukia ukiwa umesimama. Ugonge kwa kiganja: ukilia wazi kama debe tupu, ni mzima, ukitoa sauti ya kufifia, ndani una maji au umeoza. Ulioanguka na kulala ardhini uache hata kama ni mzuri, kwa sababu upande wa chini umeshaanza kuliwa na mchwa.

Angalia matundu pia. Tundu la mviringo linaloweza kupitisha kidole ni mlango wa nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na mlingoti huo waachie wao. Vitundu vidogo vyenye unga ni wadudu wa mbao, na hao wanaondoka: anika mlingoti juu ya mabati au saruji siku 7, ukiugeuza kila siku, kisha ufunge ndani ya nailoni nyeusi uuache juani siku 2 nzima. Joto linalojikusanya ndani huwamaliza. Kwa kukata vaa glavu. Utomvu wa mkonge mbichi huwasha ngozi vibaya, na mlingoti unaoonekana mkavu unaweza kuwa bado una ubichi karibu na shina.

Dari ya kawaida ni mita 2.7 au pungufu. Chukua mita 1.6 za juu, usizidishe; ukishaweka kwenye ndoo na nyota juu, utaona hiyo inatosha. Kabla ya kuusafirisha funga mikono yote kuelekea juu kwa kanga au shuka kuukuu. Mikono huvunjika pale inapoungana na mlingoti, na mara nyingi ni kwenye bodaboda au buti la gari, si shambani. Uliovunjika hurudishwa kwa njiti ya mshikaki: toboa pande zote mbili, ingiza njiti yenye gundi ya mbao, funga kwa uzi mpaka kesho yake.

Sasa msingi. Ndoo ya plastiki ya lita 10, saruji kopo 1, mchanga makopo 2, kokoto ndogo makopo 3, kopo likiwa la lita moja na nusu. Changanya vikiwa vikavu kwanza. Maji anza na nusu lita, uongeze kidogo kidogo mpaka zege lishikane ukilifinya mkononi bila kuchuruzika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: zege jepesi kama uji linamiminika kwa raha, lakini kokoto zinazama chini, juu panabaki tope la saruji linalopasuka, na mti unaanza kucheza. Zungushia kitako cha mlingoti magazeti mawili na mfuko wa nailoni juu yake kabla ya kuusimamisha, ili Januari uuchomoe na ndoo uihifadhi kwa mwaka ujao. Ujaze zege, ulishindilie kwa kijiti kutoa hewa, kisha ushikize mlingoti kwa fito tatu zilizofungwa kwenye mdomo wa ndoo. Usiguse saa 24. Usipambe kabla ya siku ya tatu. Msingi huo unakuwa na kilo kama 15, na mtoto akiuvuta mkono wa mti, mti hauji naye.

Uzuri mwingine wa mkonge ni kwamba ndani una nyama laini kama sponji. Pini ya kawaida inaingia kwa kidole gumba, bila nyundo. Unaweza kuning'iniza vitu 40 au 50 vyepesi bila waya hata mmoja kuonekana. Chochote kinachozidi gramu 50 kiweke karibu na mlingoti, si kwenye ncha ya mkono.

Kwa walio mbali na mkonge, Moshi, Bukoba au Mbinga, matawi ya mkahawa yaliyopogolewa msimu uliopita yanafanya kazi hiyohiyo. Mbao yake ni ngumu na vitawi hutoka viwili viwili vikitazamana, hivyo mapambo hukaa kwa mpangilio bila kulazimishwa. Mpera nao ni mzuri, gome lake laini lenye mabaka ni pambo tosha. Usikate mnyaa hata kama unaona vijiti vyake vya kijani vina sura ya kupendeza: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, na hauishi kutoka kwa siku moja. Oleanda pia iache nje. Ni sumu kuanzia jani hadi ua.

Wapo wanaotaka kijani, na wana haki. Krismasi nyingi za Pwani zimepambwa kwa mvinje, na za nyanda za juu za Kenya kwa saipresi iliyokatwa kwenye ua wa shamba. Tofauti zao ni za kujua. Zile nyuzi za kijani za mvinje si majani, ni vitawi. Majani yenyewe ni magamba madogo mno kwenye viungo vyake. Vitawi hivyo vikianza kukauka hukatika viungo kwa viungo, ndiyo maana mvinje uliokatwa unamwaga takataka sakafuni kuanzia siku ya pili. Saipresi hushikilia majani yake muda mrefu zaidi, lakini inakaukia juu bila kukuambia, na ina utomvu unaoshika moto haraka.

Kwa yoyote kati ya hizo, kitako ndicho kila kitu. Tawi likishakatwa, utomvu huziba mdomo wa jeraha ndani ya saa chache, kwa hiyo lile ulilonunua barabarani lililokatwa jana haliwezi kunywa hata ukilitumbukiza mtoni. Likifika nyumbani kata upya sentimita 3 za kitako, mkato ulionyooka, na ulitie majini ndani ya nusu saa. Usichonge gome pembeni ili liingie kwenye chombo chembamba. Maji hupandia kwenye tabaka za nje za mti, hizohizo unazozichonga. Tafuta chombo kipana. Tawi lenye unene wa sentimita 5 kitakoni linaweza kunywa lita 2 siku ya kwanza, na maji yakishuka chini ya mkato kwa usiku mmoja tu, jeraha linaziba tena. Mchanga wenye unyevu ndani ya ndoo, ambao wengi huutumia, unalisimamisha tawi lakini haulinyweshi. Tumia mawe makubwa kulishikiza, kisha ujaze maji, ili uweze kuona kiwango chake kwa macho.

Kabla ya kuliingiza ndani, lipige maji ya bomba na kulitikisa. Saipresi ina chawa wake wa mimea, aliyeingia Kenya mwaka 1990 na kukausha nyua nyingi. Tawi lenye mabaka ya kahawia ndani, linalonata, na lenye masizi meusi usilinunue. Na likate kwenye ua wako au ununue kwa mwenye ua wake. Msitu wa hifadhi una sheria zake, na kilele cha mti mchanga kilichokatwa kwa ajili ya wiki mbili za sebule ni mti ulioharibiwa moja kwa moja.

Mvinje wa kwenye chungu ni jambo jingine, na tunaupenda. Ni mti shupavu: kule Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo yaliyobaki jiwe tupu na maji ya chumvi, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kuota majaribio yalipoanza mwaka 1971. Nunua mche wa mita moja kitaluni mwezi wa Agosti, uhamishie kwenye chungu cha lita 20 chenye matundu, udongo sehemu 2, mchanga 1, mboji 1. Pogoa ncha za pembeni kila baada ya wiki tatu upate umbo la pia. Usiogope mkasi, mvinje hujibu kwa kuchipua. Unaingia ndani tarehe 20 Desemba, unatoka siku 10 baadaye. Zaidi ya hapo gizani unaanza kupukutika. Ukiutoa usiuweke juani papo hapo. Siku 4 za kwanza chini ya kivuli cha mwembe.

Arokaria ndiyo inayouzwa vitaluni kama mti wa Krismasi wa kwenye chungu, na ni mti mzuri, unavumilia upepo wa chumvi na kukaa ndani wiki nyingi. Ila una mitego miwili kwa mnunuzi. Wa kwanza: kukata kilele chake. Mvinje unasamehe, arokaria haisamehi. Ukikata ncha, ule mpangilio wa ngazi kwa ngazi haurudi tena. Mkono wa chini ukianguka nao hauoti upya. Wa pili ni mche uliotokana na kipandikizi cha tawi la pembeni. Huo hubaki kuwa tawi maisha yake yote, unakua kwa kulala upande. Mche mzuri unasimama wima na ngazi zake zinazunguka pande zote. Ukiona mikono imeelekea pande mbili tu kama unyoya, rudisha. Mapambo yake yawe ya karatasi au ukindu. Mikono ya mche mchanga ikibebeshwa vitu vizito kwa wiki mbili, haiinuki tena.

Sasa poinsetia, ambayo inatukanwa bure kila mwaka. Mtu anainunua Desemba ikiwa nyekundu, anaitunza vizuri mwaka mzima, na Desemba inayofuata ni kijani kitupu. Inageuka nyekundu mwezi wa sita na wa saba, halafu mwenyewe anasema imepotea kalenda. Haijapotea. Kile chekundu si ua, ni majani maalumu yanayozunguka vimaua vidogo vya njano vya katikati, na mmea huyatoa usiku unapokuwa mrefu. Kwao Meksiko, kaskazini ya Ikweta, Desemba ndiyo yenye usiku mrefu. Dar es Salaam, kusini ya Ikweta, Desemba ina mchana mrefu kuliko mwezi wowote, kama saa 12 na nusu za jua, na usiku mrefu unakuja Juni. Mmea unatii jua la hapa, kama unavyopaswa.

Ukitaka uwe mwekundu kwa Krismasi, ni lazima uufanyie usiku. Anza wiki ya kwanza ya Oktoba. Kila siku saa kumi na moja jioni uingize kwenye chumba chenye giza kamili au uufunike, uutoe saa moja na nusu asubuhi kwenye jua la asubuhi. Hizo ni saa 14 na nusu za giza, kwa wiki 8 hadi 10, bila kuruka siku. Taa ya ulinzi inayopenya dirishani, au mtu kuwasha taa usiku kutafuta kitu stoo, inatosha kuchelewesha. Majani ya juu yakishageuka yote, funiko halihitajiki tena.

Kuna jambo ambalo maelezo ya nchi za baridi hayakwambii: joto la usiku nalo linazuia. Usiku unapokaa kwenye nyuzi 24 na zaidi, rangi inachelewa hata giza likiwa kamili, na Novemba ya Dar ndivyo ilivyo. Kufunika kwa nailoni nyeusi au boksi lililobana kunaongeza joto na kuharibu kazi yote. Tumia kitambaa kizito cheusi mikunjo miwili, kilichoinuliwa juu ya fito, upande wa nyumba wenye upepo. Kwa Arusha, Lushoto, Iringa au Mbeya kazi hii ni nyepesi na inafanikiwa. Kwa wa Dar, Tanga na Mombasa ushauri wetu wa dhati ni kununua iliyokwisha kugeuka kutoka nyanda za juu. Unaponunua angalia vile vimaua vya njano vya katikati: vikiwa bado vimefumba, una wiki kadhaa za rangi; vikiwa vimedondoka, mmea unamalizia. Majani ya kijani yafike mpaka karibu na udongo. Karatasi ya kung'aa iliyozungushiwa chungu ivue au itoboe chini, kwa sababu maji yanayosimama humo ndiyo yanayoua poinsetia nyingi kuliko kiu. Mwagilia pale sentimita 2 za juu za udongo zinapokuwa kavu kwa kidole.

Mwenye ua wa poinsetia uliogeuka anaweza kukata shina la kuweka mezani, lakini achome ncha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 15 kabla ya kuitia kwenye maji baridi. Bila hivyo utomvu mweupe unaendelea kutoka na shina linalegea usiku huohuo. Utomvu huo huwasha. Nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Mapambo ya kutundika tunayapata karibu. Ukindu mkavu uliolowekwa maji nusu saa unasukika nyota, samaki na vikapu vidogo, na anayejua kusuka ukili anamaliza nyota moja kwa dakika 20. Usuke ukiwa na unyevu, uanike ukiwa umebanwa kati ya vitabu viwili, vinginevyo nyota inajikunja. Koni za misindano kutoka Lushoto au Mufindi zitie kwenye oveni nyuzi 100 kwa dakika 40 zifunguke na wadudu wafe. Vipande vya chungwa vya unene wa milimita 5 vinakauka oveni saa 3 hadi 4 kwa nyuzi 100, ukiviacha mlango wazi kidogo. Kuvianika juani kunafaa Dodoma, Pwani vinaota ukungu kabla havijakauka. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, ambazo zinavutia sana kutungia shanga, usizilete kwenye nyumba yenye watoto. Mbegu moja iliyotafunwa ina sumu ya kuua, na tundu la sindano ndilo linaloufungua ugumu unaoizuia.

Jani moja tunaliheshimu kuliko kulipamba. Familia nyingi za Kichagga hurudi Kilimanjaro kwa Krismasi, na uani kuna isale, majani yake marefu ya kijani yanayokaa kwenye chombo wiki nzima bila kunyauka. Kwa macho ya mpambaji ni mmea kamili. Lakini isale ni jani la kuomba msamaha, la mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na la makaburi ya wazee. Likiletwa mbele ya mtu lina neno linalosema. Kama wewe ni mgeni au mkwe katika nyumba hiyo, muulize mama au babu kabla ya kulikata. Mara nyingi utaruhusiwa, pengine utaelekezwa lile la kutumia na lile la kuacha, na hapo pambo lako litakuwa limekaa mahali pake.

Taa ziwe za LED, hazipashi matawi joto. Ziwashe kwanza zikiwa sakafuni kwa nusu saa, uzikague, ndipo uzungushie kuanzia chini kwenda juu, plagi ikibaki chini. Ekstensheni isichomekwe ndani ya ekstensheni, na kichwa chake kikae juu ya kiti au kigoda, mbali na ndoo ya maji ya mti. Mshumaa hauna nafasi kwenye saipresi wala kwenye mkonge mkavu, hata kwa picha moja. Tawi la kijani lijaribu kila jioni: likunje kitawi kimoja, kikipinda bado lina maji, kikivunjika kwa mlio litoe nje usiku huohuo, hata kama ni tarehe 25.

Baada ya tarehe 6 Januari mlingoti wa mkonge unachomolewa, unafungwa gazeti na kulazwa juu ya boriti stoo, mahali pasipogusa ardhi. Ukikaa pakavu hufika Krismasi ya tatu au ya nne. Maganda ya mkrismasi yanafungwa pamoja na kamba zake. Mvinje wa chungu unasubiri masika: Machi unachimba shimo la sentimita 60 kwa 60, mita 8 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba na karo la maji, ukiwa umeumwagilia usiku wa kuamkia kupandwa. Arokaria iache kwenye chungu ukiongeza ukubwa wake kila mwaka wa pili, kwa sababu ukiipanda ardhini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 itakua kupita paa, nguzo ya umeme na nyumba ya jirani.